Mizizi Ndani ya Lenzi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika studio ya picha ya Mweso, Patron hakunipa kamera. Alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mwenye duka la vitambaa mbele na studio nyuma. Aliniwekea lenzi mkononi na kunipeleka mlangoni, penye jua.

"Angalia ndani. Unaona nini?"

"Naona mizizi, Papa."

"Njo vile. Iko na uzima. Inakula."

Inakula nini kwenye kioo? Swali hilo lilinikaa kichwani miaka mingi. Nilikuja kujua kwamba mizizi ile ni kuvu, nayo hula mafuta ya vidole, hula vumbi, na hustawi zaidi kwenye ngozi ya mfuko wa kamera, maana ngozi hunywa unyevu na kuutunza. Nilipomwomba Patron tuache mfuko wa ngozi, alikataa. Wateja waliuheshimu, alisema, na kwa jambo hilo kichwa chake kilikuwa kigumu kweli.

Akanituma Walikale na kamera ya pili, kuwapiga picha wachimbaji waliotoka mgodi wa Bisie na viatu vipya. Kule msituni hata chumvi ilikuwa inalia maji. Mama mwenye nyumba alinihurumia, akaitundika kamera juu ya jiko, pale anapokaushia mahindi ya mbegu. Kuvu haikuota, ila moshi uliipaka lenzi rangi ya chai. Nilicheka peke yangu nikiifuta. Tangu hapo niliomba kwa wauguzi vile vifuko vidogo vinavyowekwa kwenye makopo ya dawa ili kunywa unyevu. Vikishiba nilivikausha kwenye sufuria, kisha nikavifungia na kamera katika kopo la bati.

Vita ilipofika Walikale niliporwa kamera ile njiani, nikarudi Mweso mikono mitupu. Patron alikuwa ameificha kamera kubwa ndani ya mfuko wake wa ngozi, chini ya magunia ya maharagwe, ili wenye bunduki wasiichukue. Ilikaa huko msimu mzima wa mvua.

Mambo yalipotulia kidogo, Mama Furaha, mkulima jirani yetu, alileta msichana mdogo aliyeokotwa njiani watu wakikimbia. Mtoto hakujua kutaja kijiji chake wala jina la baba. Patron alimpiga picha mwenyewe, tukaibandika makanisani na sokoni mpaka Ngungu. Hakuja mtu.

"Mutoto anakomaa," Mama Furaha aliniambia. "Tukichelewa, mama yake hatamujua tena."

Niliiangalia tena ile picha. Uso ulikuwa kama uko nyuma ya chandarua. Nikaishika lenzi kwenye jua, na mizizi ilikuwa imejaa.

"Ukiiharibu, hatuna ingine," Patron alisema.

"Ninajua, Papa."

Kwanza nilikwaruza alama kwa sindano kwenye pete za lenzi, ili kila moja irudi mahali pake. Nikazifungua. Muuguzi alinipa maji ya oksijeni, yale ya kuoshea vidonda, nami nikafuta vioo kwa kitambaa cha fulana kuukuu, kutoka katikati kwenda ukingoni, taratibu, roho juu juu. Kisha nikavianika vioo juani, kwa maana kuvu huchukia jua. Makovu machache yalibaki kwenye kioo. Tukampiga mtoto picha upya, na safari hii hata alama ndogo juu ya nyusi ilionekana. Tukaibandika palepale pa mwanzo.

Mama yake alitokea Ngungu kwa miguu, picha mpya mkononi. Mtoto alificha uso kifuani mwake. Patron aligeuka akaingia dukani, na mimi nililia bila aibu.

Sasa nimestaafu. Vijana huniletea kamera zao na kuniuliza kama kweli kuvu kidogo inaharibu picha. Huwa nawaambia maneno ya yule mama, siku ile, akiwa bado hajakaa chini:

"Ile picha ya kwanza ilikuwa ku mulango wa kanisa yetu. Kila siku ya misa nilikuwa napita pale. Sikumujua. Nilikuwa namuombea, huyu mutoto wa watu bengine."