Gari Lisilofika Same

Hakuna aliyepanda gari la baba bila kipande cha mgomba mkononi. Ndiyo ilikuwa sheria. Kuteremka kutoka kwetu Bombo, mlimani, hakukuwa na shida, ila tukishagusa lile joto la Maore, kule tambarare, petroli ilianza kuchemkia ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta, na injini ikazima. Hapo baba alipasua mgomba, akaufungia kwenye bomba na pampu ili maji yake yapooze, na abiria wakakaa pembeni kusubiri. Wengine walikuja na makande yao kabisa. Jua likizidi, Same hatukufika; tuligeuza tukarudi.

Lilikuwa gari la zamani sana, na taa zake zilififia kila lilipopanda mlima taratibu, kwa sababu dainamo haikuweza kuchaji kwa mwendo ule. Mimi ndiye niliyelishughulikia. Nilisomea umeme wa magari, nikafanya kazi gereji mjini Same, na baba alipoanza kuugua nikarudi nyumbani. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alilicheka gari lile tangu tukiwa shule.

Baba alipofariki, siku ya kuanua tanga, ukoo ulikaa kugawa mali. Shamba lilikwenda kwa kaka, nyumba pia, na sikufungua mdomo, maana nilijua itakuwa hivyo. Nilikuwa nasubiri gari. Kaka alilitazama pale lilipoegeshwa, kuku wamejilaza chini yake, akatabasamu.

"Hilo abaki nalo mdogo wangu," alisema. "Gari lisilofika hata Same nitalipeleka wapi?"

Baba mdogo, aliyesimamia kikao, akaitikia kwa niaba ya wote. Waliona wamenipa kichekesho. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Nilianza na umeme. Kwenye gari lile waya wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo, kwa hiyo huwezi kung'oa dainamo ukaweka altaneta ya kisasa hivi hivi. Utaiunguza papo hapo. Niligeuza betri, nikabadilisha nyaya za koili, nikafunga altaneta, nikavuta nyaya mpya mwanzo hadi mwisho na kila njia nikaiwekea fyuzi yake. Kisha nikashusha tangi. Lilikuwa limejaa kutu. Nililitia changarawe na maji nikalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Bomba la petroli nililihamisha mbali na ekzosi, nikafunga pampu ya umeme kule nyuma karibu na tangi, nikaongeza bomba jingine la kurudisha petroli isiyotumika. Petroli inayozunguka haipati nafasi ya kuchemka. Nikiwa chini ya gari nilimsimulia baba kila nilichofanya, kwa Chasu, Kipare chetu, maana ndiyo lugha aliyonifundishia kushika spana. Nilimkumbuka sana miezi ile.

Siku niliyoteremka nalo hadi Maore katikati ya mchana, likapita Kisiwani, likaingia Same bila kusimama popote, nilipiga honi mjini kama mwendawazimu.

Habari zilimfikia kaka kabla sijarudi mlimani. Krismasi akaja. Aliliendesha hadi Maore na kurudi, akashuka akipapasa boneti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Jioni hiyo hiyo alimwita baba mdogo. Magari ya zamani yanatafutwa sana Dar kwenye harusi, alimweleza, kwa hiyo gari analichukua. Nikamkumbusha alichosema siku ya tanga.

"Nilisema halifiki," akanijibu, bila hata ukali. "Sasa linafika."

Nilimgeukia baba mdogo. Akasema gari la marehemu haliwezi kukaa kwa binti ambaye kesho ataolewa aondoke nalo kwenda ukoo mwingine, na kwamba nimshukuru Mungu kwa kipaji alichonipa. Kipaji. Mama alikuwepo, na alitazama chini.

Asubuhi kaka aliondoka nalo kwenda Dar kupitia Same. Mama, kwa mazoea tu, alikuwa ameshaweka vipande vya mgomba chini ya kiti. Mimi niliomba, na nalisema hili bila aibu: niliomba lichemke. Lichemke Maore, au likivuka hapo lichemke Makanya, kwenye lile jua na vumbi jeupe la jasi. Asimame pale akipepea injini kwa shati lake, aanze kulidharau tena, anirudishie.

Alipiga simu mchana akiwa ameshaipita Makanya. Halijakohoa hata mara moja, alisema, na ile migomba ya mama ameitupa Maore. Akanisifu kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikamuuliza kama chaji inaingia vizuri. Inaingia, alisema.

Nilijua inaingia. Ile altaneta niliifunga mwenyewe.