Kuitikia Nyuma ya Madala

Nilikuwa namsuka mteja mmoja pale sokoni Warwick, Durban, mwanamke wa Kizulu mwenye mimba ya miezi minane, aliponiuliza ghafla kama nimewahi kuimba mahali pengine zaidi ya kanisani. Sikujua hata kwamba nilikuwa naimba. Ndivyo nilivyo: mikono ikishazoea kazi, mdomo nao unajitafutia yake.

"Kanisani tu," nikamwambia. "Kwaya ya Waswahili. Kaka yangu ndiye mwalimu wetu."

"Sauti ya ngapi?"

"Ya pili. Lakini wa kwanza wakipungua, naishika hiyo pia."

Nikamaliza upande wote wa kushoto. Kisha akanieleza kwamba yeye ni mwitikiaji katika bendi ya mzee mmoja Mwingereza, mwimbaji wa soul na roki, ambaye zamani alijulikana sana kwao na sasa anaishi hapa mtaa wa Berea na mke wake. Walikuwa wanapiga Jumapili mchana kwenye bustani za hoteli, na mara moja moja chuoni kule Westville. Yeye karibu anajifungua na hajapata mtu wa kumshikia nafasi.

"Miezi mitatu tu, sisi," akasema. "Na nakuambia, kwa yule Madala utajifunza."

Kwa maneno ya hapa sisi ni dada, na Madala ni mzee. Bendi nzima ilimwita hivyo, na yeye aliitika.

Kaka yangu hakupenda. Tulitoka naye Bujumbura, na tangu tufike Durban kwaya ile ndiyo imekuwa kama nyumba yake ya pili. "Iko watu arobaini hapa wanakungoja kila Jumamosi," aliniambia, "na weye unaenda kumuitikia mzungu muziki wa baa?" Nikamjibu ni miezi mitatu. Akasema hata siku tatu zinatosha kumharibu mtu sauti. Nilikwenda hata hivyo. Sikuwa jasiri. Nilikuwa na hamu tu ya kuimba kitu ambacho kaka yangu hakukifundisha.

Mazoezi yalifanyika katika gereji ya nyumba ya Madala. Nilitegemea kumkuta mzee mwenye nywele ndefu na koti la ngozi. Nilimkuta mtu mrefu, mgongo umeanza kupinda, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa, amesimama katikati ya nyaya na makopo ya rangi kama mtu anayesubiri kuoa. Baadaye niliambiwa hajawahi kufanya mazoezi na kandambili maisha yake yote. Mke wake, mama wa Kihindi mzaliwa wa hapa hapa Durban, nesi mstaafu, alituletea chai ya tangawizi, akaniuliza kama nimekula, na hakuondoka mpaka nikasema kweli.

Wimbo wa kwanza niliuimba kwa nguvu zangu zote. Kwaya yetu haina vipaza sauti vya maana, kwa hiyo tumezoea kujaza ukumbi. Kila Madala aliponyamaza kidogo, mimi nilikuwa nimeshaingia. Akainua mkono, bendi ikakoma.

"Nimekuuliza nini?" akaniuliza.

"Hujaniuliza kitu."

"Basi mbona umenijibu?"

Mpiga ngoma akacheka. Masikio yangu yakawaka moto. Madala akamtazama yule mpiga ngoma mpaka kicheko kikakatika, kisha akanisogelea, akaongea polepole ili nimuelewe. Lafudhi yake ya Kiingereza ilikuwa nzito na mimi Kiingereza nilikiokotea sokoni.

"Una sauti kunizidi," alisema. "Hilo sisemi kukupendeza. Lakini hapa mimi nauliza, nyinyi mnajibu. Ukijibu kabla ya swali, watu hawatajua tunazungumza nini. Nisikilize ninavyopumua. Nikivuta pumzi, bado. Nikiiachia, ingia."

Ilinichukua wiki tatu. Nilipanda teksi, daladala za hapa, kutoka Warwick hadi juu Berea kila Jumanne na Alhamisi jioni, vidole vinaniuma kwa kusuka, na kila mara alinisimamisha. Hakuwahi kunitukana. Lakini hakuwahi kuniachia pia, na kuna siku nilimchukia. Mpiga besi alimchukia zaidi. Siku moja alichelewa kwa nusu saa, Madala akamsema mbele yetu kwa maneno makali mno, na yule kijana akafunga gitaa lake akaondoka. Kesho yake Madala aliomba apelekwe kwa gari hadi mlangoni kwa kijana, akamuomba radhi mbele ya mama yake. Aliyetusimulia ni kijana mwenyewe. Madala hakulitaja.

Wakati wa chai ndipo nilipoyajua maisha yake, kidogo kidogo, mengine kwake, mengine kwa mke wake. Alizaliwa katika mji wa makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alichimba mgodini na jioni alipiga tarumbeta katika bendi ya wachimbaji; mama yake alifagia ukumbi wa sinema. Karibu na kwao palikuwa na bandari, na mabaharia walikuwa wakileta santuri kutoka Amerika. Alikuwa na miaka kumi na mitano aliposikia kwa mara ya kwanza Wamarekani weusi wakiimba soul. Alisema alikaa sakafuni kwa rafiki yake, wakairudia santuri moja mpaka mama mwenye nyumba akaja kuchomoa waya.

Wakaunda kundi: vijana saba, wawili wa tarumbeta, suti za kufanana walizoshonewa na shangazi wa mmoja wao. Wafanyakazi wa viwanda walijaa kwenye kumbi ndogo wakicheza mpaka kuta zinatoka jasho. Halafu mwimbaji mmoja mweusi alikuja kutoka Amerika bila bendi, akahitaji watu wa kumpigia muziki nchi nzima kwa mwezi mmoja, na waliopatikana ni wao. Madala alisema mwezi ule ndio uliomfundisha kazi.

Mimi nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni. "Madala, hukuona haya? Kuimba nyimbo za wenyewe, na wewe ni mzungu?"

Wenzangu wakaangalia vikombe vyao. Yeye hakukasirika.

"Mwanzoni hapana, kwa sababu nilikuwa mjinga," akasema. "Nilipopata akili, ndiyo. Nilianza kama mwigaji, nikalipwa kuliko wale niliowaiga. Hilo siwezi kulirudisha. Ninachoweza ni kumtaja kila mtu aliyenifundisha, kila ninapopanda jukwaani, na kuimba vizuri."

Na kweli aliwataja. Katika kila onyesho nililosimama nyuma yake, kabla ya wimbo wa tatu, alisema ni nani aliutunga, alitoka mji gani, na yeye alijifunza nini kwake. Watu waliokuja kunywa bia walilazimika kusikiliza.

Baadaye soul ilipoa kule kwao na roki ikapanda. Akafuga nywele, akapata magitaa matatu na spika kubwa kama makabati, na wimbo wao mmoja ukapigwa kwenye kila redio. Walizunguka Amerika kwa basi. Ni miaka hiyo alipokutana na mke wake, nesi katika hospitali moja ya kwao Uingereza, alipokwenda kushonwa mkono aliojikata kwa kioo.

Habari iliyofuata alinipa mke wake, jikoni, tukiosha vikombe. Madala mwenyewe hakuitaja hata mara moja. Katika miaka ile ya ubaguzi, bendi ilialikwa kuja kupiga Afrika Kusini, na ukumbi mmojawapo ulikuwa Durban. Wenzake walitaka. Meneja alikuwa ameshakubali. Madala akaleta swali moja mezani: mchumba wake, aliyezaliwa mji ule ule, angekaa kiti gani? Meneja akasema hilo litatafutiwa njia. Madala akasema kama lina haja ya kutafutiwa njia, yeye haendi.

"Walikuja bila yeye," mama alisema, akifuta kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka. "Wakachukua mwimbaji mwingine, na jina la bendi likabaki kwao. Yeye akabaki na mimi, chumba kimoja, na baridi."

Nilipomuuliza Madala, alipunga mkono. "Nilikuwa namuogopa yeye tu," alisema, akielekeza kidevu jikoni. "Ungekuwa wewe usingemuogopa?"

Alianza upya peke yake, chini kabisa. Ilipofika wakati watu wanamsikiliza tena, koo likaota uvimbe. Daktari akaukata, akamwambia asiseme neno kwa miezi kadhaa, na kuimba asahau. Akawa fundi wa rangi. Alipaka nyumba za watu miaka minne, miezi ya mwanzo akiandika mahitaji yake kwenye kijidaftari. Sauti iliporudi ilikuwa nyingine, ya chini, yenye mikwaruzo, na haikuweza tena kupanda. Ilibidi atafute namna ya kuimba ndani ya ile nafasi ndogo iliyobaki. Mimi niliijua sauti hiyo tu, na sikuwahi kuona kwamba imepungua kitu. Alipokuwa anasema neno moja la wimbo, ulimwamini.

Onyesho la Westville lilikuwa Jumamosi mchana, kwenye nyasi za chuo. Wanafunzi walileta mikeka, wazazi wao wakaegesha magari mpaka nje ya geti. Kaka yangu alikuja. Nilimuona nyuma kabisa, amesimama, suti ya kanisani, mikono kifuani.

Tulipofika katikati, Madala akatutambulisha mmoja mmoja, jina na kwetu. Ilipofika zamu yangu hakusema mwitikiaji. Alisema, "Mwimbaji kutoka Bujumbura." Halafu akafanya kitu ambacho hatukukifanyia mazoezi. Akaiacha maiki yake, akatembea hadi pale nyuma niliposimama, akanigusa bega, akasema, "Ule wa kichwani kwa wateja. Uimbe."

Alikuwa anamaanisha wimbo wa Kiswahili ninaosukia, wa kwaya yetu, ambao yule mteja wangu alikuwa amemwimbia vipande. Nikaenda mbele. Nikaanza peke yangu, na nilipovuta pumzi baada ya mstari wa kwanza, nikamsikia nyuma yangu anaitikia. Hakujua neno hata moja. Aliitikia kwa sauti tu, chini, na hakuingia hata mara moja kabla sijamaliza. Mpiga besi akamfuata. Nimeimba tangu nina miaka saba, lakini sijawahi kusikilizwa na mtu namna ile.

Tulipomaliza kaka yangu alinisubiri kwenye geti. Nilijiandaa.

"Zile nyingine sizipendi," alisema. "Nakuambia ukweli. Lakini ule wetu..." Akatembea kidogo. "Yule mzee anasali?"

"Sijui. Hajasema."

"Muulize."

Sikumuuliza. Niliona si kazi yangu. Lakini Jumamosi iliyofuata kaka alituambia sauti ya tatu wapunguze, wamsikilize kiongozi kwanza, na hakusema ameyatoa wapi.

Mteja wangu alirudi kwenye bendi na mtoto mgongoni, nami nikajua zamu yangu imeisha. Nilikwenda gereji kuaga. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya shukrani kwa Kiingereza kizuri. Madala alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani alisema nafasi ni moja?" Akaburuta kisimamio cha pili cha maiki kutoka nyuma ya makopo, na mteja wangu akanipa mtoto nimshike wakati yeye anavua kanga yake. Tukawa wawili nyuma yake kwa miaka miwili na nusu.

Mwaka jana mapafu yalianza kumshinda. Hakufanya onyesho la kuaga wala kutangaza popote. Alituambia Alhamisi moja, bado amesimama, shati lake limenyooka: "Mistari mirefu siifikii tena. Sitaki watu wanisikilize kwa huruma." Mpiga ngoma, yule aliyekuwa akicheka hovyo, ndiye aliyelia. Vyombo vyote alituachia sisi, na gereji tukaendelea kuitumia.

Siku hizi mimi na mteja wangu, ambaye sasa namsuka bure, tunaimba kwenye harusi. Mwezi uliopita tulipata ya Warundi wenzangu, mchana, katika ukumbi wa kanisa moja mjini. Niliwaalika Madala na mke wake bila kutegemea kwamba watakuja. Walikuja. Alikaa meza ya wazee na fimbo yake, akala wali na maharage, akaongeza. Tulipopanda jukwaani aliweka kijiko chini, na hakukishika tena mpaka tukamaliza.

Waliondoka mapema kwa sababu alikuwa amechoka. Niliwasindikiza hadi kwenye gari, nimemshika mkono. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri.

"Ule wa pili," aliniambia, akijiweka sawa kwenye kiti, "unasemaje?"

Nikamtafsiria mstari kwa mstari, nimeinama dirishani: bibi harusi anamuuliza mama yake nani atamchotea maji sasa yeye anapoondoka, na mama anamjibu asijali, maji yatachotwa. Alisikiliza na macho amefumba. Akaniomba nirudie jibu la mama, kwa Kiswahili. Nikarudia. Akajaribu kulisema, akakosea, akajaribu tena. Mke wake alikuwa ameshawasha gari, lakini hakuondoa mguu kwenye breki mpaka Madala akalipata.