Kinanda Kilikumbuka, Mimi Nikanyamaza

Kosa ni langu. Nalisema mwenyewe kabla mama yangu hajawafikia, maana mji wetu wa Suna wote ameshauzunguka nalo.

Mimi ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu. Watu huniita Profesa. Yawa, wangejua! Miaka yote nimekuwa nikipiga vile vibao vyeupe tu. Vyeusi tunasalimiana kwa mbali. Wimbo ukitakiwa uwe juu au chini, kuna kitufe cha kuupandisha au kuushusha wote, nami naendelea na vyeupe vyangu, macho nimefumba kana kwamba Roho amenishukia.

Kinanda cha zamani ukikizima kinasahau kila kitu. Kila Sabato ilibidi nibonyeze kile kitufe upya mbele za watu, na sikutaka waone. Kanisa liliponunua kipya, nikagundua unaweza kukiagiza kikumbuke ulivyokiacha. Nilifurahi kupita kiasi.

Mwalimu wa kwaya, mama mpole lakini haburutwi, akakataa. Nikamuuliza kama simu yake husahau lugha kila akiizima. Akanijibu kwamba simu ni ya mtu mmoja, kinanda ni cha kanisa, na kila anayekaa hapo akikute kisafi. Nikasema sawa, mwalimu. Alipoondoka nikakiweka kikumbuke.

Sasa, nilikuwa na mchumba kutoka Mbita. Jina silitaji, tumwite nyar Mbita, yaani binti wa Mbita. Huyo anapiga vyeupe na vyeusi bila hata kuangalia. Nikamleta nyumbani aonane na mama yangu, na mama akasema ataimba kanisani, msichana ampigie, ampime hapo hapo. Sauti ya mama ni nzito, iko chini huko.

Na mimi Sabato iliyotangulia nilikuwa nimepandisha wimbo wa vijana juu kabisa, nikazima, nikaenda zangu kula.

Nyar Mbita akaanza. Mama akaingia. Woi! Alipanda, akapanda, shingo imenyooka, mwishowe sauti ikamkatika ikatoka kama ya kuku. Vijana wa nyuma wakacheka. Kufika ubeti wa pili, yule msichana akaushusha wimbo wote kwa vidole vyake mwenyewe, vyeusi vyote kazini, na mama akamaliza salama. Lakini aibu ilikuwa imeshaingia.

Hapo nje mama akamwambia, "Umenipandisha makusudi ili watu wanicheke." Akanigeukia mimi. "Huyu hapana."

Msichana akaniangalia. Alikuwa ameiona namba kwenye kioo cha kinanda, ile inayoonyesha wimbo umepandishwa kiasi gani, akajua nani ameiacha. Alikuwa ananipa nafasi niseme. Mimi nikaangalia viatu vyangu! Akachukua mkoba wake, akaenda steji ya matatu peke yake.

Hiyo kitu ilinikalia kifuani siku nyingi. Simu yangu msichana hashiki. Mwishowe nikamwambia mama yote, kitufe, vyeupe, uprofesa wangu wa bure. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha ghafla.

"Nyathina, mwanangu, kumbe nilimfukuza mtoto wa watu kwa ajili yako?"

Akavaa kitambaa chake kizuri akaenda Mbita mwenyewe kuomba msamaha. Siku hizi wanapigiana simu kila jioni, wanacheka. Mimi ndiye sipigiwi.

Nilipompata hatimaye, nyar Mbita alisema polepole, "Mama yako nimemsamehe, hakujua. Wewe ulijua. Jifunze vyeusi. Siku utampigia mama wimbo wake bila kile kitufe, nitakuja kusikiliza."

Nikauliza, kwa hivyo tutaoana?

"Nimesema kusikiliza."

Basi hapa nilipo vidole vinaniuma. Mama anasimama kando yangu akiimba, nikikosea ananyamaza, ananitazama tu, tunaanza upya. Hakuna anayeniita Profesa tena.

Ndugu yangu unayesoma, kifaa chako mwenyewe kiache kikumbuke kinavyotaka. Lakini kitu cha wengi, iwe kompyuta ya kukodi kule saiba au kinanda cha kanisa, kirudishe kilivyokuwa kabla hujakizima. Na ukiona mtu analaumiwa kwa sababu ya namba uliyoiacha wewe, tafadhali fungua mdomo kabla hajafika steji.