Siri aliyoitunza Esnart Likagwa mpaka ndoa ikavunjika

Jua bado halijachoma, na Esnart Likagwa ameketi mkekani uani kwa bibi mmoja, mbele yake karatasi mbili na kidau cha wino. Anasoma fomu ya ridhaa kwa mara ya tatu. Bibi kashanyoosha dole gumba zamani.

"Nitie wapi?" anauliza bibi.

"Ngoja kwanza, bibi. Hebu niambie, nimesema nini?"

"Umesema nitie dole."

"Na ukikataa itakuwaje?"

"Si ndiyo nitakosa mahindi?"

Esnart anashusha pumzi. Hakuna mahindi, anamwambia, wala mbolea, wala jina lake haliendi popote. Ni maswali tu kuhusu huzuni na usingizi. Anaweza kukataa, anaweza kuacha katikati, na hakuna atakayemnunia.

"Hata kikombe kimoja cha mahindi?"

"Hata punje, bibi."

"Ala! Sasa mtoto mzuri kama wewe unatoka Zomba kote huko kuja kuuliza watu huzuni zao? Huna ya kwako?"

Bibi anaangua kicheko, anarudi kwenye ungo wake wa mbaazi. Amekataa. Esnart anakunja karatasi, anashukuru kwa magoti yote mawili, anaondoka. Kwa nyumba hii hatalipwa kitu.

Huzuni ya kwake anayo, tena nzito.

Ana miaka 43 na watoto watatu. Kwa miaka kumi na moja amekuwa mhoji wa watafiti wa saikolojia katika vijiji vya kusini mwa Malawi, akiwauliza watu mambo ambayo hata ndugu zao hawathubutu kuwauliza. Hulipwa kwacha elfu sita kwa kila mahojiano yaliyokamilika. Wenzake humaliza nyumba sita kwa siku, yeye tatu, na siku nyingine mbili.

"Sisi tunamwita Mama Fomu," anasema mwenzake, Yohane Chimbaza. "Huyu akianza kukusomea, mpaka amalize ugali wako wa nsima umeshaganda."

Esnart hacheki. Zamani, anasema, alikuwa na haraka kuliko Yohane.

Miaka miwili iliyopita walikuwa wakihoji kina mama waliofiwa na watoto. Kijiji hakitatajwa hapa, wala jina la mwanamke ambaye habari hii inamhusu. Yeye mwenyewe ameruhusu yaandikwe haya yanayofuata, na si zaidi ya haya.

Alijibu maswali yote ya siku ya kwanza. Majibu yake yalikuwa mazito, na kwa utaratibu wa utafiti, mwenye majibu mazito huhojiwa mara ya pili, tena kwa kirefu, ili asaidiwe. Kila mhojiwa alipewa mche mmoja wa sabuni kama asante. Aliyehojiwa mara ya pili aliongezewa mwingine.

Ofisini hakuna aliyeona tatizo. Kisimani waliliona siku hiyo hiyo.

"Wanawake walihesabu," anasema Esnart. "Mwenye mche mmoja mzima, mwenye miwili kichwa hakiko sawa. Sisi na semina zetu zote, na kabati letu la chuma lenye kufuli mbili, tulikuwa tumewatangaza watu kwa sabuni!"

Mume wa mama yule alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli. Kwa desturi ya huko, mwanamume ndiye anayehamia kwao mke, kwa hiyo alishazoea kuishi chini ya macho ya wakwe. Aliposikia sokoni kwamba mkewe amekaa na wageni mara mbili, tena faragha, akajua amesemwa. Akakunja blanketi lake, tayari kuondoka.

Wajomba wa pande zote mbili, wale waliosimamia ndoa, wakaita kikao. Na Esnart naye akaitwa.

"Mwanangu, hatutaki mengi," mjomba wa mke alimwambia. "Neno moja tu. Alimsema mumewe au hakumsema?"

Hakumsema, hata mara moja. Alizungumza juu ya mwanawe aliyefariki, mwanzo hadi mwisho.

Lakini Esnart alikuwa ameapa kutotoa siri. Akaomba radhi, akaenda nyuma ya nyumba na kumpigia simu msimamizi wake.

"Usifungue mdomo," msimamizi alimwambia. "Ukisema lolote, utafiti mzima unafungwa. Umenielewa?"

Alielewa. Akarudi mkekani. "Samahani, mjomba. Siruhusiwi kusema."

Mume akapiga makofi. "Mmesikia wenyewe? Kama sikusemwa, huyu angeshindwa kusema hapana?"

Mke alikuwa amekaa pale pale kati ya shangazi zake, amejifunika kitenge mpaka usoni, na angenyoosha mkono angemgusa Esnart. Jioni ile baiskeli iliondoka na haijarudi.

Wiki tatu baadaye, mama yule alipanda gari mpaka Zomba, akaingia ofisini na kusema anataka maneno yake yaondolewe. Ni haki yake, imeandikwa kwenye fomu. Esnart akayafuta mbele ya macho yake, swali baada ya swali. Ndipo mama akamuuliza.

"Siri ile ilikuwa ya nani?"

"Yako, mama."

"Na siku ya kikao mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo. Mkekani."

"Sasa mbona ulikwenda kumuuliza bosi wako?"

Esnart anasimulia haya akisokota pembe ya kitenge chake.

"Swali hilo natembea nalo mpaka leo," anasema. "Nilidhani namlinda yeye, kumbe nalinda makaratasi. Ningemgeukia tu nikamwambia, mama, unaniruhusu? Angesema ndiyo, yakaisha. Roho inaniuma jamani, we acha tu."

Alikwenda mwenyewe kwenye kamati ya maadili ya utafiti akaeleza yote, bila kuitwa. Siku hizi zawadi ni sawa kwa wote, na hutolewa kabla ya swali la kwanza. Ombi lake la kuongeza mstari kwenye fomu, kwamba jambo likizuka mwenye siri aulizwe kwanza, liko kwenye faili. Mwaka wa pili huu. Msimamizi amepandishwa cheo. Yule mume ameoa kijiji cha pili.

Msimu huu ukiisha, Esnart ataacha kuzunguka vijijini. Anataka kufundisha wahoji wapya, na ofisi imemwambia itafikiria. Lakini lililo moyoni mwake hasa ni kwenda kwa mama yule, bila karatasi, amuombe msamaha nyumbani kwao.

Hakutaka kumvamia. Alimtuma muuguzi wa ile kamati ya maadili na maombi mawili: habari hii iandikwe, naye aruhusiwe kwenda. Muuguzi alimsomea mama yule rasimu yote kwa sauti, akarudi na majibu.

"Iandikwe," alisema mama yule. "Ila jina la mwanangu lisiwekwe. Hilo nilimpa Esnart peke yake. Na kuja, asije. Nikiwa tayari nitamwita."

Esnart aliposikia hayo aliitikia kwa kichwa, akauliza kama muuguzi alimkuta mzima, kama alikuwa amekula.

"Basi nitasubiri kuitwa," anasema. "Na asiponiita, hiyo nayo ni haki yake. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsomea."