Maji ya Ng'ombe wa Guta

Nilisikia kengele kabla sijaona kitu. Nilikuwa ndani ya nyumba ya bibi, Butiama, madirisha bado yamefungwa, nikikusanya vyombo vya shangazi tuliyekuwa tumemzika siku chache nyuma. Ilikuwa kengele ya ng'ombe, ile ya chuma kizito inayolia mara moja, ikatulia kana kwamba inafikiri, kisha ikalia tena. Zizi letu halina ng'ombe tangu bibi afariki. Nikasimama na sufuria mkononi, na kabla sijaufikia mlango nilikuwa nimeshageuka mtoto.

Wazazi wangu waliishi Musoma, lakini likizo zangu zote zilikuwa za bibi. Sijui kama nawe ulikuwa na mahali pa namna hiyo, ambapo asubuhi ilikuwa na harufu yake peke yake. Kwetu ilikuwa harufu ya moshi, samadi mbichi na mawe makubwa nyuma ya nyumba yakikauka umande. Bibi alisaga ulezi huku akiimba wimbo usio na maneno, unaopanda na kushuka kwa mwendo wa mikono yake. Mimi nilitafuna michembe, yale mapande ya viazi vitamu yaliyoanikwa juani mpaka yakawa magumu kama vigae, nikilalia tumbo kwenye mkeka, nikiusikiliza ule wimbo hadi usingizi unirudie.

Shangazi alikuwa binti wa mwisho wa bibi, na ndiye aliyetunga nyimbo za kwaya ya parokia. Alitunga akipalilia, alitunga akikata viazi, na mstari ukimkataa alikaa kimya mpaka mboga zikaungua. Bibi alisema, "Kwaya ile siku moja itatulisha masizi."

Jioni alikuja jirani yetu, mwalimu mstaafu. Alisomeshwa na masista enzi za ujana wake, na kutoka kwao alibakiwa na kitabu kisicho na jalada, cha mashairi ya mwanamke mmoja wa Uingereza aliyeishi zamani, wakati wa malkia yule aliyetawala mpaka akazeeka. Jina la mshairi lilikuwa limechanika pamoja na jalada, hivyo sisi tulimwita "dada wa Ulaya" tu. Jirani alitusomea kwa Kiswahili chake cha darasani, polepole, na shangazi alimsikiliza, kisu cha viazi kikiwa kimelala mapajani mwake.

Basi nilimjua dada wa Ulaya kama ndugu. Nilijua baba yake aliwasomea watoto Maandiko kila usiku, na mashairi yake yalitembea kwa mwendo wa sauti ile. Nilijua alivaa nguo nyeusi, aliwauguza maskini wa mtaa wake, na aliacha kufunga utepe mwekundu kichwani baada ya kugundua kuwa anaufikiria hata kanisani. Na nilijua alimpenda mwanamume mmoja, akamkataa, kwa sababu njia zao za kumwendea Mungu hazikukutana.

"Alimkataa na anampenda?" shangazi aliuliza.

"Alimpenda mpaka kufa. Mashairi haya yametoka huko."

Bibi hakuinua uso. "Na huyo dada wa Ulaya alizikwa na nani?"

Kila mtu alijua swali lile limeelekezwa wapi. Shangazi alikuwa na mchumba, mfugaji kutoka Guta, aliyekuja mnadani na ng'ombe wake. Ng'ombe wake wa mbele alikuwa na kengele nzito, na kengele ile ikisikika barabarani, shangazi aliweka kisu chini na kujifuta mikono kwa khanga. Tatizo lilikuwa moja. Mchumba alikuwa mtoto wa kwanza kwao, na mke wa mtoto wa kwanza ndiye hubeba mtungi wa pombe ya mizimu. Shangazi alisema hawezi. Mchumba naye alisema, "Mimi siwezi kubatizwa ili nipate mke. Nitakuwa namdanganya Mungu wako, na wewe pia."

Nadhani shangazi alizidi kumpenda kwa jibu lile. Hapo ndipo palipouma.

Wazee hawakusubiri maumivu ya mtu. Mahari ililetwa wakati wa kiangazi. Kwetu ng'ombe wa mahari hawanyweshwi na mtu mwingine ila binti mwenyewe. Akiwapa maji, amekubali. Asipowapa, wanarudi walikotoka. Shangazi alikuwa kanisani akisali, na wazee wa pande zote mbili wakakaa kivulini wakimngoja. Jua lilipanda. Ng'ombe wale walikuwa wametembea kutoka Guta, wakaanza kulamba nguzo za zizi. Mmoja alipiga magoti.

"Huyo mtoto anasali mpaka wafe?" bibi alilalamika.

Shangazi alitokea njiani taratibu, akamtazama yule aliyepiga magoti. Alichukua debe, akateka, akamimina kwenye hori, akarudi kuteka tena. Bibi akapiga vigelegele, wanawake wa jirani wakapokea, na mimi nikaruka ruka kwa kuwa wenzangu wanaruka.

"Mama, acha," shangazi alisema. "Wana kiu tu. Mimi sijakubali."

Vigelegele vikakatika. Mzee mmoja alikohoa. "Binti, maji yameshanywewa."

Alisema kweli. Kwa desturi, shangazi alikuwa ameshaolewa. Macho yote yakamgeukia mchumba, kwani yeye tu ndiye angeweza kulifungua lile fundo. Alikuwa ameegemea nguzo ya zizi, akiwatazama ng'ombe wakinywa.

"Yamenywewa kwa kiu, mwenyewe amesema," akajibu. "Nimekuja kuoa, sikuja kutega. Wakimaliza kunywa tutaondoka."

Kengele ilizama upande wa Bunda, njia ya kurudi Guta, jioni ile, na shangazi alisimama kwenye mawe mpaka isisikike.

Bibi alimnunia muda mrefu. Kisha asubuhi moja shangazi akaimba jikoni wimbo mpya, kwamba mwenye kiu haulizwi zizi lake. Bibi akaacha kusaga.

"Huo si wimbo wangu wa kusagia?"

"Ni wako, mama. Mimi nimeuwekea maneno tu."

"Basi unauharibu. Hapo mwisho unashuka," bibi akasema, na akamwonyesha.

Sasa nikafungua mlango. Mzee alisimama uani, kengele ile ya Guta mkononi, nyuma yake hakuna ng'ombe hata mmoja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye ulikuwaga unatafuna michembe siku nzima?" Akaingia, akaketi. "Mke wangu ndiye kaniambia nije. Kasema mtu haachwi hivi hivi bila kuagwa."

Akaniambia hakubatizwa kamwe. Lakini Jumapili huchunga karibu na kanisa la Guta, na kwaya ikifika kwenye wimbo wa kiu, huwaambia ng'ombe wake, "Nyamazeni, mnaimbwa ninyi." Tukacheka wote wawili. Nilitaka kumwambia bibi kwamba shangazi alizikwa na kwaya tatu, na kwamba wimbo wa kusagia uliimbwa mpaka mwisho, ukashuka pale alipotaka. Lakini bibi hayupo. Jiwe la kusagia limefunikwa na majani, jirani alishafariki, na kitabu kisicho na jalada sijui kiliishia jiko la nani. Hakuna tena mtu wa kumtaja dada wa Ulaya kana kwamba anakaa nyumba ya tatu.

"Nipe maji, mjukuu," mzee alisema.

Nikamletea kwa kikombe cha shangazi. Alikunywa polepole, akakitazama kikombe kitupu.

"Leo na mimi nimenyweshwa."

Akaiweka kengele mezani, akiushika ulimi wa chuma ndani yake isilie, kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika.