Pera Aliloonja Popo

Juzi nilikuwa sokoni Amu kwenye meza ya matunda, natafuna kipande cha pera alichonikatia Bi muuzaji nionje, alipofika binti mmoja mtafiti wa wanyamapori. Alikuwa ametoka Ndau kuchunguza popo. Bi akamuuliza kama ni kweli popo wana maradhi.

"Wengine hubeba, Bi. Lakini msiwafukuze wala msiwakatie miti, watahamia mapaani mwenu. Na tunda walilouma msile kabisa."

Bi akaweka mkono kifuani. "Wallahi umenena kweli, mwanangu."

Kisha, kwa kuwa mgeni haondoki mkono mtupu, akachagua pera kapuni, akakata kwa kisu palipokuwa na alama za meno, akampa lililobaki.

"Usiogope, palipoumwa nimepatoa. Mimi wateja wangu huwachagulia haya haya. Popo hali ila lililo tamu."

Binti akalishika kwa ncha za vidole, akanitazama mdomoni.

Sisi watu wa Amu twajua kumsikiliza mtu kwa adabu mpaka akaridhika, kisha tukaendelea na yetu. Nami tangu siku hiyo, kila nikiamka, kwanza najishika shingo kama ina joto.