Cheo Kilichomruka Mtoto

Nilikuwa yaya kwa familia ya Waingereza huko Mirdif. Mwenye nyumba tulimwita sir, kama waajiri wote wanavyoitwa hapa Dubai. Kisha baba yake, aliyekuwa na cheo cha kurithi cha Lodi, akafa kwao. Sir alienda kuzika, akarudi bila chozi ila na cheo.

Alitukusanya jikoni, mimi na dereva. "Kuanzia leo mtaniita mailodi, na madam, mke wangu, mtamwita Ledi."

Nilimsikia mara nyingi akiwaeleza wageni asili ya heshima hiyo. Babu wa babu yake alikuwa na kiwanda cha bia, mfalme akamtunuku. Zamani cheo kilimpa mtu kiti katika bunge lao bila kupigiwa kura. Siku hizi hata kiti wameondoa. Limebaki jina, na debe tupu haliachi kuvuma. Alimtuma dereva kwa fundi wa mtaa wa Satwa ili taulo zake zitariziwe taji. Fundi akatoa kitu kama nanasi. Lodi akajifutia nanasi hilo kwa fahari.

Ijumaa moja waliwaalika wageni chakula cha mchana bustanini. Mgeni mmoja akampapasa kichwa mtoto wao wa pekee, waliyemuasili akiwa mchanga.

"Na huyu ndiye Lodi wetu wa kesho?"

Sir akacheka huku akitafuna. "Hapana, sheria haimruhusu. Cheo hufuata damu, na huyu tulimuasili. Kitaenda kwa binamu yangu."

Mtoto alijua tangu zamani kwamba aliasiliwa, hawakumficha. Asichojua ni kwamba kuna mahali anahesabiwa pungufu. Aliweka uma chini.

"Damu yangu ina nini?"

Madam aliinuka, akamshika mkono, nami nikawafuata ndani. Akamkumbatia. "Wewe ni mwanangu."

"Na wa daddy?"

Madam alilia. Kisha akatoka, akamwambia mumewe mbele ya wageni, "Mimi usiniite Ledi tena."

"Si mimi niliyeitunga sheria," akajibu, akajiongezea nyama.

Ni kweli hakuitunga. Lakini nilimtazama akila, nikaona kinyaa kiasi cha kushindwa kuondoa sahani mbele yake. Tangu siku hiyo sikumwita mailodi. Alinisahihisha mara mbili tatu, akachoka. Mtoto naye alimkwepa. Alinunuliwa baiskeli, akasema asante kwa adabu, akaiacha uani ikapauka kwa jua.

Mwaka uliofuata madam alirudi kwao na mtoto. Mimi nikapata kazi ya dobi hotelini, nikahamia nyumba za wafanyakazi Al Qusais. Dereva alibaki. Ananiambia kwamba siku moja garini alimsikia sir akizungumza kwa spika ya simu na yule binamu. Binamu aliuliza kama cheo kinakuja na nyumba au shamba. Alipoambiwa hakuna, akasema siku kikimfikia atakikataa, maana sheria inaruhusu.

Kumbe inaruhusu mtu akatae cheo. Na sir, kwa jibu alilompa binamu, alilijua hilo siku zote.